Jinsi ya Kupoteza Saa Tatu Bila Kupoteza Kazi

Wewe ndiye fundi wa kompyuta wa hoteli fulani Diani. Usiku, kilo kumi za kamba wabichi zimetoka stoo, na hazikutoka kwa miguu yao. Askari wa lango, mzee wa Msambweni, ameandika kwenye daftari: "Mlango wa stoo umelia saa 8 na robo usiku, kuamkia Jumapili." Seva yako ya Linux yasema Jumamosi 23:15, yaani saa tano na robo, baa ikiwa bado imejaa. Meneja anakuita, na vijana wa baa wameshaanza kutokwa jasho. Tulia, ndugu yangu. Fanya hivi.

Kwanza, mlaumu mzee. Sema macho yamechoka. Daftari lake lina mstari wa pili. Usiusome, una kazi nyingi. Na chonde, usiandike timedatectl. Amri hiyo haina adabu: itakwambia papo hapo kwamba seva inafuata UTC, saa za Greenwich, nyuma yetu kwa saa tatu, tangu siku ulipoifunga wewe mwenyewe.

Pili, sogeza saa kwa mkono. Andika date -s, ongeza saa tatu, mwite meneja aone. Mtoe ofisini upesi, kabla programu inayolinganisha saa na mtandao haijairudisha ilikokuwa.

Tatu, badilisha ukanda wa saa. Tafuta Africa/Mombasa. Haimo. Nung'unika kidogo, Pwani tumezoea. Africa/Nairobi imo, nayo ndiyo sahihi. Hata Kampala na Dar es Salaam hutumia saa hiyohiyo. Lakini mtu wa Kwale aombe saa Nairobi? Chagua Etc/GMT+3. Kenya ni Greenwich ujumlishe tatu, mtoto wa darasa la sita anajua.

Asichojua ni kwamba katika majina hayo ya Etc alama zimegeuzwa: kujumlisha ni kwenda magharibi. Seva yako sasa ina saa sawa na ya Buenos Aires, saa sita nyuma ya Ukunda. Usishtuke, maana hapa ndipo uzembe unapolipa. Jarida la mfumo huweka matukio kwa UTC, kisha huyaonyesha kwa ukanda uliopo. Fungua journalctl tena, utafute ule mlango. Jumamosi, 20:15. Toa kumi na mbili: saa nane na robo!

Saa sita ndiyo tofauti ya saa ya Kizungu na yetu inayohesabiwa toka alfajiri. Kwa kukosea mara mbili, umeifundisha mashine Kiswahili. Hata siku imekubali: usiku wa kuamkia Jumapili, kwa seva, bado ni Jumamosi. Mwambie meneja ulipanga hivyo tangu mwanzo, kwa heshima ya utamaduni.

Nne, usiwashe upya programu nyingine. Nyingi husoma ukanda zinapoamka tu, kwa hiyo kila moja itabaki na saa yake. Huo ni mgogoro wa fundi ajaye.

Mwisho, chukua mahamri na kahawa uende langoni. Mwamkie mzee vizuri, uombe daftari. Mstari wa pili: "Saa 8 na dakika 20, pikipiki imetoka lango la nyuma na boksi la barafu. Namba nimeandika."