Barua ya Wazi Kuhusu Yaliyo Juu ya Dari

KWA: Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, Nairobi
MINT: Ombi la kuhalalisha hali ilivyo darini, Dagoretti

Mamlaka inastahili pongezi, kwa kuwa utaratibu inaousimamia chini ya Sheria ya Nishati ya 2019 hauna kasoro yoyote inayoweza kuonekana na mtu aliyesimama sakafuni. Mafundi wamepangwa katika madaraja ya leseni, kuanzia C-2 hadi A-1. Fundi akimaliza kazi hutia saini cheti cha kukamilika, yaani waraka unaothibitisha kwamba nyaya zimefungwa na kupimwa ipasavyo, kisha Kenya Power huleta mita. Cheti husainiwa siku moja, ilhali ploti ya Kawangware huendelea kuzaa vyumba. Iliyopewa mita ikiwa na vyumba sita yaweza kufikisha kumi na vinne bila karatasi kuongezeka hata moja, kwa sababu vyumba vipya hupata stima kupitia darini, katika ile nafasi iliyo kati ya silingi bodi na mabati, ambako kuta za kutenganisha wapangaji hazifiki na waya husafiri kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho bila kuulizwa unakwenda wapi.

Kanuni za nyaya za Uingereza, zijulikanazo kwa namba BS 7671, ambazo taaluma ya umeme nchini Kenya imezirithi, hutaka waya unaopenya ubao wa dari upite angalau milimita 50 kutoka ukingo wa ubao, ili msumari usiufikie. Darini Dagoretti sharti hili halijawahi kuvunjwa, kwa maana waya haupenyi ubao wowote. Umejilaza tu juu ya silingi bodi, na pale ulipoishia kabla ya chumba kuisha umeungwa kwa nyuzi zilizosokotwa kwa vidole na kuvishwa tepu nyeusi, ambayo gundi yake huyeyuka kwa joto la mabati na kuliacha ungio wazi. Panya humalizia palipobaki.

Kanuni hizohizo hueleza kwamba waya bapa wa milimita 2.5 za mraba, ambao ukibanwa ukutani hubeba ampia 27, hubakiwa na ampia 13.5 tu ukizingirwa na kitu kinachozuia joto kutoka. Kwa Waingereza kitu hicho ni sufu ya kioo inayotandazwa darini kukinga baridi. Kawangware ni kadibodi, magunia na godoro kuukuu la mpangaji aliyehama usiku. Aidha, hesabu hiyo imekisia hewa ya nyuzijoto 30, na hewa ikifika 50 kinachobaki huzidishwa tena kwa 0.71, hata waya usistahili kubebeshwa ampia 10. Jumapili alasiri, jua likiwa limeyapika mabati na wapangaji watatu wakinyoosha sare za shule kwa pasi za kilowati moja moja, waya huo hudaiwa ampia 12.5. Breka ikilalamika, hubadilishwa na kuwekwa kubwa zaidi, ambayo ina subira.

Mwaka 2010, katika jiji la Southampton, wazimamoto wawili walifariki katika jengo la ghorofa ambako nyaya zilizoporomoka kwa moto ziliwanasa, na baadaye kanuni zikabadilishwa ili nyaya zishikiliwe na vitu visivyoyeyuka upesi. Dagoretti imepiga hatua zaidi, kwani huku nyaya huning'inia kabla ya moto kuja.

Isidhaniwe kuna mkosaji. Dhamana ya Kenya Power inaishia kwenye mita, ya fundi iliishia kwenye saini, mwenye ploti haishi hapo, na mpangaji hulipia stima pamoja na kodi. Hata nyumba zikiteketea, taarifa humtaja mshukiwa mmoja tu, Hitilafu ya Umeme, ambaye hadi leo hajafikishwa mahakamani Kibera wala Milimani.

Kwa hiyo Mamlaka inaombwa ianzishe daraja jipya la leseni, chini ya C-2, la panya, ambao ndio wakaguzi pekee wanaofika darini kila siku na wanaoziacha nyaya za shaba zikionekana wazi kwa yeyote atakayepanda kuzitazama. Iwapo ombi hili litaonekana zito, cheti kiwekewe tarehe ya kuisha, chumba kipya kisiungwe bila cheti kipya, na mkaguzi aje na ngazi. Kutoka Upper Hill si mbali, na matatu namba 46 hufika. Atakayetumwa ashauriwe kubeba tochi, kwani pamoja na nyaya zote hizo, huko juu hakuna taa.

Wapangaji wa chini ya mabati,
Kawangware, Dagoretti