Sifa za Mshika Viatu

Wasifuo mambo ya dunia wamekwisha kuyasifu mengi: wamewasifu wafalme kwa ukarimu wa mali ambayo haikuwa yao, wamewasifu majemadari kwa vita ambavyo wengine ndio waliokufa ndani yake, na hata kahawa imepata washairi wake, lakini kazi moja adhimu, isiyo na mshahara wala nishani wala likizo, imepitiwa na miaka mingi bila ya kutajwa kwa heri, nayo ni kazi ya mtu mzima aliyekabidhiwa watoto wa ndugu zake siku ya Idi, akawapeleka kiwanjani kupanda pembea, naye akabaki chini, ameshika viatu.

Nasaba ya kazi hii ni tukufu. Mwaka 1884, katika pwani ya Coney Island, New York, Mmarekani LaMarcus Thompson alifungua reli ya kupanda na kushuka, ambayo abiria alilipa senti 5 ili achukuliwe kutoka mwinuko mmoja mpaka wa pili kwa mwendo ambao punda aliyetishwa angeweza kuushinda. Na mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya Chicago, mhandisi George Ferris alisimamisha gurudumu la chuma lenye kimo cha futi 264, lenye vyumba 36, kila chumba cha watu 60, akawazungusha wenye nusu dola mara mbili hewani kisha akawarudisha salama. Wataalamu humtukuza Ferris kwa hesabu zake za chuma. Mimi namtukuza kwa jambo lililo karibu nasi zaidi: kwamba baada ya watu zaidi ya milioni moja kulipanda gurudumu lake, alifariki mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 37, katikati ya madeni na kesi, akawa mtu wa kwanza kuthibitisha kanuni ambayo kila mjomba huihakiki upya, ya kuwa pembea ikizunguka, fedha haikai.

Kwetu pwani, chuma kingi hivyo si sharti la furaha. Mnazi Mmoja kule Unguja, Tibirinzi kule Chake Chake, Makadara kule Mombasa, Sikukuu ikiingia uwanja mtupu hugeuka mji: pembea hufungwa, vibanda husimama, mishikaki hufuka moshi, maputo na miwani ya plastiki hupangwa kwenye usawa wa macho ya watoto, kwa kuwa wafanyabiashara wa Sikukuu ni wanafalsafa wanaojua ni nani mnunuzi na ni nani mlipaji tu. Katika mji huo mjomba huingia na jeshi lake, na fadhila zake huanza kudhihirika.

Fadhila ya kwanza ni uaminifu wa hazina. Tangu asubuhi watoto wamezunguka kwa mabibi na mashangazi, wamebusu mikono, wamepewa mkono wa Idi, na kwa kuwa kanzu mpya na gauni jipya aghalabu hazina mfuko wa kutegemewa, fedha zote huwekwa kwa mjomba. Hapo huanza elimu ya hesabu isiyofundishwa katika chuo chochote: mwenye kuweka amana hasahau senti aliyoiweka, wala hakumbuki senti aliyoitumia, noti yake ya elfu moja, baada ya pembea, barafu, firimbi na bastola ya maji, ingali nzima katika itikadi yake, naye huidai kwa rangi. Mjinga hubishana naye mbele ya watu. Mwenye hekima huingiza mkono mfukoni akatoa nyingine, akishukuru kwamba amepewa fursa ya kutimiza ahadi hata zile ambazo hakuziweka.

Fadhila ya pili ni uadilifu, na hapa kadhi mkongwe angejifunza mengi. Mkubwa miongoni mwa watoto amepita umri wa farasi wa mbao, naye amekwisha kulitangaza hilo. Wa kati anataka lile tu ambalo mkubwa amelikataa. Mdogo hajui anachotaka, ila anajua kwamba si hiki. Baada ya maombi, viapo na rufaa, shauri hukatwa, foleni hupangwa, jua hustahimiliwa, na jeshi zima likifika kwenye mlango wa pembea, palipobaki mtu mmoja tu mbele, mdogo huvuta kanzu ya mjomba na kumnong'oneza kwamba ana haja. Wanazuoni wameandika sana juu ya subira, lakini wengi wao waliandika wakiwa wameketi.

Fadhila ya tatu ni ushujaa. Watu hudhani kwamba jasiri ni yule aliye juu. Kumbe aliye juu ana chuma cha kushika, na aliye chini hana cha kushika ila viatu vya watu. Pembea ifikapo kileleni, kiwiliwili huwa chepesi kwa nukta moja na tumbo hutangulia kabla ya mwenyewe. Mtoto aliyekunywa urojo hivi punde hulia kwamba ateremshwe, kijana mwenye kusukuma husikia kilio hicho kama sifa ya kazi yake, akazidisha, na mjomba hupunga mikono yake yenye makubadhi, akitabasamu tabasamu la mtu ambaye atapaswa kumwelezea dada yake. Kisha pembea husimama, mtoto hushuka amepauka, hujishika ukuta, hupumua, na neno lake la kwanza ni: "Tena."

Wapo wenye akili nyingi wasemao kwamba taabu yote hii yaepukika: wape watoto fedha zao, waende na wenzao, wewe ujinyooshe barazani kwa kahawa na tende. Hoja hii ina sura nzuri, na ila yake ni moja tu, kwamba inamwacha mjomba akiwa mjomba wa jina. Damu humpa mtu cheo hicho siku ambayo dada yake anajifungua, bila ya yeye kutoa hata tone la jasho. Na cheo kilichopatikana bure, mfano wa kanzu ya kuazima, humkaa mtu vizuri mpaka atakapohitaji kuinama. Mtoto hajui nasaba. Hajui ni nani aliyezaliwa tumbo moja na nani. Anajua ni nani aliyemsubiri chini, ni nani aliyeshika kiatu cha kushoto wakati cha kulia kilipopotea, na ni nani aliyembeba amelala katika daladala iliyojaa, akiwa mzito kuliko alivyokuwa asubuhi, ingawa alichokula ni kidogo kuliko alichomwaga.

Alhasili, ujomba hutolewa na wazazi, lakini huthibitishwa kiwanjani. Idi ijapo, jamaa mwenye gari atapita na hataulizwa, jamaa mwenye fedha atapewa mkono na kuachwa aende zake, na jeshi lote litasimama mlangoni kwa yule yule ambaye mfuko wake laujua ulivyo mwembamba, likimwita kwa sauti kabla hajamaliza kufunga vifungo. Naye atakwenda, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuthibitishwa katika cheo hicho hana njia ya kujiuzulu: waliomthibitisha bado hawajajua kusoma barua.