Jino Moja

Chini ya boneti ya Corolla yetu kuna kibandiko cha Kijapani kilichokaa miaka yote bila kusomwa na mtu. Kina herufi tusizozijua na tarakimu tunazozijua: 17, kisha 4, kisha 8. Baba watoto alikwisha kukifasiri siku nyingi, kwamba mkanda wa taimingi ulibadilishwa Aprili 2017, kwa hiyo bado mbichi kabisa. Hakuna aliyemuuliza ilikuwaje gari lililoshuka bandarini Dar es Salaam kabla kitinda mimba wetu hajazaliwa likabadilishiwa mkanda Japani mwaka 2017. Mwenye nyumba akishasoma, kimesomeka.

Aliyekuja kuharibu amani ni binti wa shemeji yangu, anayesoma ufundi wa magari VETA na kukaa kwetu. Alikuwa anaongeza maji kwenye rejeta, akakitazama kibandiko, akacheka peke yake.

"Baba mdogo, Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989. Mwaka wake wa 17 ni 2005."

Mwaka 2005! Mkanda ule ulifungwa mwaka Mkapa alipomkabidhi nchi Kikwete. Toyota wenyewe wanasema ubadilishwe kila kilomita 100,000, na mita yetu ya kilomita ilishakufa, Mungu aiweke pema. Baba watoto alimtazama yule binti kama mtu aliyechongewa kwa mwajiri.

Na wiki ile ndiyo tulikuwa tunatakiwa Sengerema kwa mama mkwe. Zamani tungekuwa na la kusema. Kivuko cha Kigongo na Busisi kilitutunzia heshima kwa miaka mingi: foleni ilikuwa ndefu, mama, tukaona giza linaingia, tukarudi. Lakini tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025, ghuba yote ile inavukwa kwa dakika chache, na mama mkwe analijua hilo vizuri kuliko wahandisi. Kilomita tatu juu ya maji, na mkanda wa enzi ya Heisei. Nilikataa kupanda.

Gereji walitaja bei ya ufundi, baba watoto akarudi nyumbani kimya. Jioni akamuuliza binti, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za hali ya hewa, mkanda huo hasa una kazi gani. Binti akaeleza vizuri mno. Kilenki iko chini, inazungushwa na pistoni; kamshafti iko juu, inafungua na kufunga valvu. Kilenki ikizunguka mara mbili, kamshafti izunguke mara moja, wala isipungue wala isizidi, na kinachozifunganisha ni huo mkanda wenye meno. Kwenye injini nyingine, kama 1KZ ya dizeli inayofungwa kwenye Prado, mkanda ukikatika pistoni hupanda na kukuta valvu bado ziko wazi, zikagongana, na hapo unanunua silinda hedi. "Ila hii yetu ya 5A ina nafasi, baba mdogo. Ukikatika, gari linazima tu. Hakuna kinachogongana."

Nadhani alisema hivyo ili kututuliza. Baba watoto alisikia jingine: kumbe hata mtu akikosea havunji kitu! Kesho yake akaja na mkanda mpya, beringi ya tenshena, na simu iliyojaa video za mafundi wa Urusi.

Sasa, sisi tunakaa Bugarika, mlimani. Anayeijua Mwanza anajua maana yake: nyumba imebandikwa kati ya majabali, na tambarare ya kuegesha gari ni ile ile moja ninayoanikia nguo na dagaa. Dagaa wakahamia juu ya jiwe, wakawa wa kunguru. Magurudumu yakawekewa mawe, maana mawe ndiyo bidhaa pekee ambayo haijawahi kuadimika Mwanza. Masinia yangu mawili ya pilau yakatwaliwa kuwekea bolti, kanga moja ya kufutia mikono, na watoto wakapewa kazi ya kuhesabu meno ya mkanda wa zamani na wa mpya. Kila mtoto alipata idadi yake. Ikabidi mikanda ilazwe pamoja, jino kwa jino, ndipo ugomvi ukaisha.

Bolti ya puli ya kilenki ilikataa kabisa. Mafundi wanalijua hili: bolti ile imekazwa kwa nguvu, na ukiisukuma, injini nzima inazunguka nayo. Spana ilihitaji kurefushwa kwa bomba, na bomba pekee la kufaa lilikuwa limeshika dishi la king'amuzi. Likashushwa. Watoto wakakosa katuni, mdogo wangu akakosa mpira, na kuanzia hapo ukarabati ule haukuwa na rafiki ndani ya nyumba. Video zikaelekeza kwamba bomba liegemee chini, kisha stata iguswe kidogo, injini ijifungue bolti yenyewe. Tukaamriwa kujificha nyuma ya jabali. Mlio uliotoka uliwatawanya kuku, na mzee jirani akatoka na msuli akiuliza kama ni transfoma.

Alipoona ni gari alikaa juu ya jiwe akastarehe. Yeye ana IST. "Yangu ni cheni," akasema. "Cheni haina habari hizi." Maneno hayo aliyarudia kila baada ya muda.

Mimi nilivumilia mpaka ilipofika zamu ya mauntingi. Upande wa mkanda injini hukaa juu ya mauntingi moja, nayo ikifunguliwa lazima injini ishikiliwe kwa jeki kutoka chini, na kati ya jeki na sampu lazima kuwe na ubao, la sivyo sampu inabonyea. Nilikuwa jikoni. Nikarudi nikakuta uzito wa injini umekalia mbuzi yangu ya kukunia nazi. Mbuzi niliyotoka nayo Tanga siku ya kuolewa, ya mninga, aliyonipa bibi mzaa mama! Katika nyumba ile ya Wasukuma ni mimi tu ninayejua thamani yake, na sikuweza kuichomoa bila kuiangusha injini juu ya mume. Nilifikiria, lakini sikuichomoa.

Jioni ikaingia. Umeme ukakatika, tochi ikawashwa, na wale visubi wanaopanda kutoka ziwani kama moshi wakaja wote kwenye ule mwanga mmoja, puani, masikioni, kwenye grisi. Bolti moja haikuonekana kwenye sinia, ikapatikana kwa kitinda mimba, imekuwa ekseli ya lori la boksi. Lori lilivunjwa kwa machozi. Katika hali hiyo baba watoto alivalisha mkanda, akakaza tenshena, akarudisha makava, akapiga stata.

Likawaka. Tulipiga vigelegele kabla ya kusikiliza. Likiwa sailensa lilikuwa linatetemeka na kukohoa, likimisi kiasi kwamba kioo cha pembeni kilionekana viwili. Ukikanyaga mafuta linaguna kwanza, ndipo linaitikia.

"Mkanda mpya," alisema baba watoto, "lazima uzoee."

Hakuna aliyejibu. Mzee jirani alifungua mdomo, nikamkaribisha chai. Yule binti alikuwa ameinama anakusanya spana, na mimi nilimwona usoni kwamba anajua. Lakini baba mdogo haambiwi na mtoto kwamba amekosea, tena mbele ya mkewe, tena mbele ya mwenye IST. Tukaenda kulala na gari linalozoea.

Asubuhi binti alitoka na chai ya baba yake mdogo mikononi, akapiga goti. "Shikamoo, baba mdogo. Samahani. Chuoni tunaambiwa ukishafunga mkanda uzungushe kilenki kwa mkono, mizunguko miwili, kabla ya kuwasha. Mimi huwa sielewi kwa nini. Naomba unioneshe."

Nilikuwa dirishani na nikasahau kupumua. Mwalimu akapatikana papo hapo. Alikunywa chai yote, akafungua makava, akaweka spana kwenye bolti, akazungusha taratibu huku akieleza. Binti alishika tochi, na mwanga wake, sijui ilikuwaje, haukutoka kwenye gia ya kamshafti hata mara moja. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Chini, alama ya kilenki ikasimama kwenye sifuri. Juu, alama ya kamshafti ikawa imepita mahali pake kwa jino moja.

Kimya kikawa kirefu. Ziwani boti ilisikika ikipita.

"Umeona?" akasema hatimaye. "Ndiyo maana inazungushwa."

"Nimeona, baba mdogo. Asante."

Mkanda ukavuliwa na kuvalishwa upya, safari hii mchana, bila visubi, upande usio na tenshena ukiwa umevutwa vizuri usilegee. Lilipowashwa halikukohoa. Hata mwenye IST alikosa neno, akasema tu kwamba rangi ya gari imepauka.

Darajani tulipita vioo viko wazi. Sengerema, baada ya chakula, baba watoto alikaa chini ya mwembe na kaka zake akawaeleza habari ya alama mbili, na ya wanagereji wanaowasha bila kuzungusha kwanza. Alieleza vizuri, sina budi kukiri. Binti alikuwa anagawa soda, hakuinua macho. Kaka mkubwa ana Noah ya zamani, injini ya 3S, nayo ni ya mkanda. Akauliza kama na hiyo inawezekana kufanyiwa nyumbani.

"Ilete Jumamosi," akajibiwa. "Njoo na ubao wako."

Hilo la ubao nilimwambia mimi, njiani, darajani.