Sifa za Nukta ya Bluu Isiyotulia

Wapo wanaoitukana ile nukta ya bluu ya kwenye simu za bei poa. Eti inarukaruka, eti umesimama Mtaa wa Msimbazi, yenyewe inakuweka mtaa wa pili, juu ya paa la watu. Hawana shukrani hao.

Setilaiti za GPS zinazunguka kilomita zipatazo 20,200 juu yetu, na kila moja imebeba saa ya atomu. Mawimbi yake yakifika chini yamedhoofika hata yamezama ndani ya kelele. Kichipu cha simu, chenye saa ya kwatzi na antena iliyobanwa mle mle na betri, huyaokota kutoka setilaiti nne au zaidi, kikapima muda yaliotumia njiani, kikakuambia ulipo. Mahali peupe hukosea kama mita 5, yaani nanosekunde zisizozidi 17 za mwendo wa mwanga. Na wanaokisimanga ni watu wanaoalikwa harusini saa nane wakatokea saa kumi na moja!

Kariakoo kosa huongezeka, sikatai. Mawimbi hugonga vioo vya maghorofa na kufika yamechelewa, nacho kichipu, kwa moyo wake mweupe, huamini yamekuja moja kwa moja. Halafu sisi wa karibu na ikweta tuna ionosfia korofi (tabaka la juu la angahewa linaloyachelewesha mawimbi), hasa jua likishazama. Simu za gharama husikiliza masafa mawili, zikapima ucheleweshaji wake. Ya masafa mamoja hukisia tu. Hata hivyo ukisiaji huu hauna hila. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya raia, kosa likafikia mita 100 hivi. Kichipu chetu kinapotosha bila siasa yoyote.

Tena ni mnyofu. Huzungushia nukta duara hafifu, na kwenye Android duara hilo huhesabiwa ili uwe ndani yake takriban mara 68 kati ya 100. Nionyesheni mganga mwenye bango linalosema hivyo.

Fadhila kubwa zaidi iko kwa bodaboda. Umemtumia lokesheni, ameipokea, na bado anapiga: "Nimefika bosi, uko wapi?" Hapo ndipo mji unapoanza kuzungumza: msikiti wa kijani, duka la dawa, ng'ambo ya pale wanapochoma mahindi, hapana, ukishapita. Kipokezi sahihi kingewanyima watu wawili mazungumzo hayo yote, na muuza mahindi asingejulikana.

Ila ukitaka kuonja utamu wote wa kichipu chetu, mpe shemeji aende nacho kwenye mgogoro wa mpaka. Kiwanja ni ishirini kwa ishirini. Mita 5 ni robo ya upande mzima. Asubuhi choo cha jirani kimo kwenu, adhuhuri kimerudi kwake, na kila mmoja ana picha ya skrini ya kuthibitisha haki yake. Mpima ardhi yeye huja na kipokezi kinachosahihishwa na kingine kilichosimikwa mahali panapojulikana, akasoma kwa sentimita, na kesi ikaishia hapo hapo. Kwa simu ya shemeji hakuna anayeshindwa. Mkipima tena jioni, huenda mkapata na kisima.