Taa Kubwa kwa Tangi Dogo: Mwongozo wa Mwenye Haraka

Kwanza, hiyo taa iache ndani ya boksi. Najua umeisubiri sana, na nyumba nzima umekwisha kuitangazia kwamba kuanzia leo matumbawe yatakua mpaka yagonge kifuniko. Kaa chini. Tumbawe halina haraka yako, na ukililazimisha litapauka lote.

Ndani ya tishu za tumbawe huishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Ukipata mwanga hutengeneza sukari, na humpa mwenye nyumba sehemu kubwa ya chakula chake, kwa baadhi ya matumbawe hadi asilimia 90. Kwa hiyo unanunua chakula. Mapambo ya sebule ni habari nyingine. Mwanga ukizidi, hasa maji yakiwa ya moto, mwani huo huanza kutoa oksijeni ya aina inayodhuru, tumbawe humfukuza mpangaji wake, kisha hubaki jeupe lina njaa. Mwaka 1998 miamba mingi ya Kenya na Tanzania ilipauka na kufa bahari ilipopata joto. Kule kulikuwa na El Niño. Sebuleni kwako kuna kidole chako na swichi.

Sasa pima. Usipime kwa jicho: jicho letu huona vizuri kijani na njano, na buluu hulipita, ilhali mwani wa tumbawe hutumia sana buluu ya nanomita 400 hadi 480. Ndiyo maana taa ya buluu huonekana hafifu huku inaunguza. Azima kipima-mwanga cha PAR, yaani mwanga ambao mwani unaweza kuutumia, kizamishe, uandike namba ya kila mahali: katikati chini ya taa ya zamani, pembeni, juu ya jiwe, mchangani. Utashangaa jinsi sentimita kumi zinavyobadilisha namba. Zoanthus na matumbawe laini hutosheka na mikromoli 50 hadi 150 kwa mita ya mraba kwa sekunde, Euphyllia hukaa vizuri kwenye 80 hadi 150, na Acropora hutaka 250 au zaidi. Ukiwa na zote tatu katika lita 60, Acropora ipande juu ya jiwe, Zoanthus ishuke chini. Usiongeze moto ili kumridhisha mmoja ukawachoma wawili.

Siku ya kuifunga taa mpya, anza na namba ile ile iliyokuwa ikitolewa na taa ya zamani, hata kama taa mpya itakuwa inatumia theluthi tu ya nguvu zake. Halafu ongeza asilimia 5 kwa wiki. Saa 8 hadi 10 za mwanga kwa siku zinatosha; kuiwasha mpaka usiku wa manane kwa sababu wageni wamekuja ni kuwafuga wageni, si matumbawe. Polipi zikijikunja mchana kutwa au rangi ikififia, punguza siku hiyo hiyo. Zoanthus ikirefusha shingo kuelekea juu, inaomba mwanga.

Waya wa taa uache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda kuingia humo, ili tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni badala ya kuufuata mpaka kwenye umeme. Hili usilifanyie mzaha.

Tumbawe gumu likianza kukua hujenga mifupa, na mifupa hula kalsiamu na ualkali wa maji. Tangi dogo huishiwa upesi. Pima mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza: kalsiamu ibaki miligramu 400 hadi 450 kwa lita, ualkali dKH 8 hadi 9. Taa yenye joto nayo huongeza uvukizi. Chumvi haiondoki na mvuke, basi jazia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, na joto la tangi lisipande kupita nyuzi 26.

Kama huna subira ya miezi miwili, irudishe taa dukani ungali na risiti.