Ngeli za Abiria: Uchunguzi Mfupi wa Sarufi ya Kwenda Kazini Dar es Salaam

Vitabu vya sarufi hutufundisha kwamba abiria yumo katika ngeli ya A-WA: abiria ameketi, abiria wameketi. Ni wazi kwamba waandishi wake hawajapanda gari la Mbagala saa kumi na mbili asubuhi. Uchunguzi wetu, uliofanywa kwa miaka kadhaa mguu mmoja ukiwa hewani kwa kukosa pa kutua, umebaini kwamba ngeli ya abiria huamuliwa na chombo alichopanda. Tunapendekeza ngeli tano.

1. Ngeli ya U-U: zisizo na wingi

Humu umo upweke, umo ukimya, na yumo anayeendesha gari lake peke yake. Siti ni tano; moja ameikalia, nyingine zimebeba koti, chupa ya maji na magazeti ya juzi. Tumejaribu kumtafutia wingi, ikashindikana: waendeshaji arobaini wa aina hii wakipangwa Barabara ya Morogoro hatupati wingi, tunapata foleni.

2. Ngeli ya YA-YA: zisizohesabika

Maji, mafuta, maziwa, na abiria wa daladala. Humiminwa, hujaa, hufurika, na daima hufuata umbo la chombo. Chombo chenyewe kilipewa jina miaka ya 1980, nauli ilipokuwa shilingi 5 na sarafu yake ikiitwa dala. Nauli imepanda, jina limegoma kupanda nayo. Ndani yake mna tabaka la pekee: wanaogeuza nayo. Hawa hupanda gari linaloelekea wasikokwenda, ili likigeuza wawe wamekwisha kukaa. Wanasarufi wataitambua hapa kauli ya kutendua: safari inaanza kwa kutenduliwa.

Ngeli hii ina mtaalamu wake wa mahali, yaani konda, anayezitumia PA, KU na MU kwa pumzi moja: "Pale pana siti, kule nyuma kuna nafasi, humu mna hewa!" Uchunguzi haujathibitisha hata kimoja.

3. Ngeli ya KI-VI: kivuko

Magogoni hadi Kigamboni. Mwenye gari anasubiri foleni ya magari. Mwenye miguu anaingia nayo, anaegemea chuma, anatazama meli zikiingia bandarini. Ndiyo ngeli pekee ambamo upepo wa bahari umo ndani ya nauli. Harufu ya samaki wa soko la Feri ni nyongeza.

4. Ngeli ya U-I: mwendo, miendo

Mwendokasi ulianza mwaka 2016, Kimara hadi Kivukoni, ukipita katika njia yake wenyewe. Faida yake hupimika kwa futikamba. Basi refu la mita 18 huchukua barabarani nafasi ya magari madogo manne hivi, nalo hubeba watu zaidi ya 100. Magari manne ya ngeli ya U-U hubeba watu wanne, na koti.

5. Ngeli ya I-ZI: umbo moja kwa umoja na wingi

Lifti imefika, lifti zimefika. Majirani wanne wa Tegeta wakichangia mafuta, gari ni lilelile, lami ni ileile, kilichobadilika ni pesa ya mafuta, iliyogawanywa kwa nne. Gharama zisizoandikwa ni kumngoja yule anayesema "natoka sasa hivi" huku pasi inasikika ikipita juu ya shati.

Hitimisho

Asubuhi moja, Barabara ya Kilwa, nilikuwa nimebahatika kupata siti kwenye daladala. Mama mmoja aliyesimama hakuniomba, alinitaarifu: "Anko, nishikie mtoto." Mtoto akalala papo hapo, udenda ukaanza kuchora ramani kwenye shati langu la ofisini. Nyuma mtu alilalamika kubanwa, konda akamjibu kwa ile hoja kongwe ya taaluma yake: "Kama hutaki kubanana, kanunue la kwako!"

Hoja ilipimwa palepale. Kando ya dirisha langu, katika foleni ileile, alikuwapo aliyenunua la kwake, vioo juu, akipiga honi ambayo hakuna aliyeijibu. Ndani ya gari letu mzee aliuliza ni saa ngapi. Watu watatu walimjibu, kila mmoja na saa yake, na mjadala ukatufikisha Mtongani. Mama aliposhuka alimchukua mwanawe, akanitazama shati, akasema, "Samahani, baba yake." Gari zima likaangua kicheko.

Walimu wetu walisema nomino ikikaa peke yake haiwezi kuonyesha ngeli yake hadi ipate maneno mengine ya kuambatana nayo. Jambo hilo waliliita upatanisho. Niliingia ofisini na doa begani, na bosi aliponiuliza ni nini, nilimjibu kwamba ni kiambishi.