Admini Amefunga

Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili dagaa na migebuka wapate nafasi ya kuzaliana. Sawa kabisa. Ila nani alikumbuka kwamba mvuvi aliyeanika nyavu zake Kibirizi bado ana simu, ana bando, na usiku wa karabai sasa ni usiku wa grupu la WhatsApp?

Grupu letu ni la misiba na michango. Sheria zimebandikwa juu: siasa hapana, mpira hapana, "sambaza kwa watu kumi" hapana. Mtu anauliza kwa adabu dagaa wanauzwaje Ujiji. Jibu la tatu tu, tumeshafika 25 Julai 2021, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba 1, Yanga 0, na kadi nyekundu ya Mukoko Tonombe wa Yanga inaamuliwa upya na watu ambao siku ile hata uwanjani hawakuingia. Hapo ndipo wazazi wa watu huanza kutajwa.

Admini wetu, mheshimiwa, ana dawa. Anamtoa mtu wa Yanga mmoja ili wenzake wapoe. Kwamba picha yake mwenyewe ni jezi nyekundu, hiyo ni bahati mbaya tu. Aliyetolewa anarudi kesho yake kwa laini nyingine, anasalimia: "Wakubwa shikamooni, mimi mgeni."

Mwishowe grupu likafungwa, waandike maadmini peke yao. Wako watatu. Wanatukanana vizuri tu, sisi tunasoma.